Kuuliza bei mezani si aibu

 

Leo tuzungumze kuhusu jambo ambalo wengi wetu huona haya hata kulitaja. Kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Nairobi, alinijia juzi akiwa na wasiwasi mwingi. Mfadhili aliyemlipia karo kwa miaka minne alikuwa amemwalika chakula cha jioni katika mkahawa wa fahari, ule wa vitambaa vyeupe mezani na wahudumu waliovaa tai. Hofu ya kijana huyu haikuwa chakula.

"Nimesikia kwamba weita humimina mvinyo kidogo tu kwenye gilasi," akaniambia, "kisha husimama akikutazama. Sasa mimi nitasema nini?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu swali hilo hilo lilinikabili mimi mwaka 1994, na sikuwa na mtu wa kumwuliza.

Wakati huo nilikuwa karani, ndio kwanza nimeajiriwa. Mjomba wangu, ambaye aliuza ng'ombe wawili ili nimalize shule, alikuja mjini kununua mabati ya kuezekea jiko lake. Nikaona hiyo ndiyo nafasi ya kumshukuru. Badala ya kumpeleka mahali tunapopajua, nikampeleka katika mkahawa mmoja wa kifahari ambao jina lake nitalihifadhi.

Tuliletewa orodha ya mvinyo iliyojalidiwa kwa ngozi. Mhudumu alisimama kando yangu, mikono nyuma. Kwa kuogopa kuonekana fukara, sikutazama safu ya bei. Niliweka kidole juu ya jina ambalo hata kulisoma sikuweza. Chupa ikaletwa, nikaonyeshwa, nikaitikia kwa kichwa. Ikafunguliwa, nikamiminiwa kidogo, nikaonja.

Msomaji, kinywaji kile kilinuka kama gunia lililolowa maji na kusahauliwa chini ya kitanda. Nami nikajiambia kwamba labda hivyo ndivyo kinywaji cha matajiri kinavyonuka. Nikaitikia tena kwa kichwa. Mjomba alionja mara moja, akaiweka gilasi chini, na tangu hapo akanywa maji.

Bili ilipoletwa, chupa ile peke yake ilikuwa shilingi 2,900. Mshahara wangu wa mwezi ulikuwa shilingi 5,200, na mfukoni nilikuwa na 2,000. Jasho likanitoka. Mjomba hakusema neno. Alitia mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa bahasha ya pesa za mabati, akazihesabia chini ya meza ili mhudumu asione. Tulipofika nje akaniambia, akiniita kwa jina lile lile nilomwita mimi, "Mjomba, ungeniuliza, ningekuambia nataka chai."

Jiko lake liliendelea kuvuja msimu mzima wa masika.

Baadaye nilianza kuuliza na kusoma kuhusu mambo haya ya meza za fahari. Nikagundua kwamba makosa yangu yalikuwa mawili, na yote mawili yalitokana na kitu kimoja: nilidhani yale yote anayofanya mhudumu wa mvinyo ni mtihani wa kunipima mimi. Kumbe sivyo. Ili nikuonyeshe nilivyokosea, ruhusu nikuchukue hadi Paris, mji mkuu wa Ufaransa, ambako desturi hizi zimekomaa. Mimi sijaketi mezani huko, lakini habari za mahali penyewe zimeandikwa sana.

Kando ya mto Seine kuna mkahawa uitwao La Tour d'Argent, maana yake Mnara wa Fedha. Wenyewe hudai kwamba ulianza mwaka 1582. Tena husimulia kwamba ni hapo Mfalme Henri III alipokutana na uma kwa mara ya kwanza. Hiyo ni hadithi ya nyumbani kwao, na si lazima uiamini. Lakini ina funzo: hata wafalme wa Ufaransa kuna siku walikuwa hawajui uma ni kitu gani. Hakuna mtu aliyezaliwa akijua kula kwa uma na kisu. Kila mmoja alifundishwa.

Mkahawa wenyewe uko orofa ya sita. Ulipandishwa huko mwaka 1936, na ukiketi dirishani unaliona kanisa kuu la Notre-Dame, lile lililoungua Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024. Chakula kilichoupa sifa ni bata. Tangu mwaka 1890, chini ya mwenye mkahawa wa wakati huo, Frédéric Delair, kila bata anayeandaliwa hupewa nambari, na mgeni huenda nyumbani na kadi yenye nambari ya bata wake. Mwaka 2003 hesabu ilifika bata milioni moja.

Bata huyo hupikwa kwa namna ya pekee. Mifupa yake hutiwa katika chombo cha chuma kinachokazwa kwa gurudumu, ikakamuliwa damu na maji yake, na hiyo ndiyo inayopikwa kuwa mchuzi. Najua msomaji wangu Mwislamu ameshatikisa kichwa, na ana haki. Lakini mpenzi wa mutura hana la kushangaa. Damu katika chakula si ugeni kwetu.

Walakini, sifa kubwa ya nyumba hiyo ni mvinyo, au divai ukipenda. (Neno mvinyo tulilipata kwa Wareno, hao hao waliotuachia neno meza. Divai lina asili ya Kifaransa.) Chini ya jengo kuna ghala lenye chupa karibu 300,000. Orodha yake ni kitabu cha kurasa 400 na zaidi, chenye uzito wa kilo 8 hivi. Huo ni uzito wa mtoto wa miezi minane! Kwa miaka mingi, kuanzia miaka ya 1980, mlinzi mkuu wa ghala hilo alikuwa David Ridgway, naye ni Mwingereza. Ufaransa inayojivunia divai kuliko mataifa mengi ilimkabidhi funguo mtu wa ng'ambo aliyejifunza. Elimu ya divai haimo katika damu ya mtu.

Mwezi Juni 1940, majeshi ya Ujerumani yalipokaribia Paris, Claude Terrail, mwana wa mwenye mkahawa, aliharakisha kurudi kutoka jeshini kwa ruhusa ya saa chache tu. Yeye na wafanyakazi walizificha chupa bora zaidi, kiasi cha 20,000, nyuma ya ukuta walioujenga upesi humo ghalani. Wajerumani walizichukua nyingi walizozikuta mbele ya ukuta, lakini zilizofichwa zikapona. Mwaka 2009 mkahawa ulipiga mnada chupa 18,000 ili kupata nafasi, na miongoni mwake ilikuwemo konyaki ya mwaka 1788, mwaka mmoja kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa.

Sasa msomaji, jiweke mahali pa yule kijana. Umealikwa hapo. Umeketi, kitambaa umekiweka mapajani. Kitabu cha kilo 8 kinaletwa. Utafanya nini?

Kwanza, jua kwamba hakuna anayetarajia ukisome. Ndiyo sababu yupo mhudumu maalumu wa divai, ambaye Wafaransa humwita somelie. Kazi yake ni kuijua orodha hiyo kwa niaba yako. Mgeni mzoefu, hata awe tajiri wa kupindukia, humwambia mambo matatu tu: tutakula nini, tunapenda kitu cha namna gani, na tunataka kutumia kiasi gani. Hilo la tatu ndilo lililonishinda mimi.

Iwapo huwezi kutamka kiasi mbele ya wageni wako, ipo njia ya kiungwana. Funua orodha, weka kidole juu ya bei, si juu ya jina, kisha useme, "Nataka kitu kama hiki." Mhudumu ataelewa mara moja, na wageni hawatajua lolote. Kidole kile kile nilichokitumia vibaya mwaka 1994 kingeniokoa kama ningekisogeza upande wa kulia.

Pili, chupa italetwa na kuonyeshwa mwenyeji kabla haijafunguliwa. Hapo huulizwi kama chupa ni nzuri. Unaulizwa, "Je, hii ndiyo uliyoagiza?" Soma jina na mwaka. Mwaka una maana kwa sababu zabibu hutegemea jua na mvua kama mahindi yetu, na mavuno ya mwaka mmoja hayafanani na ya mwaka mwingine. Tofauti ya mwaka mmoja yaweza kuongeza bei mara kadhaa. Ikiwa si yenyewe, sema kabla kizibo hakijatoka, kwa maana kikishatoka neno lako halina nguvu.

Tatu, ndipo unapomiminiwa kidogo. Hapa ndipo wengi hutetemeka, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Hicho kidogo si cha kukupima wewe. Wala hukipewi ili useme kama umependa ladha. Ni cha kupima chupa.

Divai hukaa miaka mingi imezibwa kwa kipande cha gome la mti. Chupa hulazwa ubavu ili kizibo kisikauke, nazo huwekwa gizani penye ubaridi wa nyuzi 12 hivi. Pamoja na uangalifu huo wote, mara nyingine kizibo huwa na dosari inayotokana na kuvu, na harufu yake huingia katika divai. Haimdhuru mnywaji, lakini huharibu kinywaji chote. Harufu yenyewe ni ya karatasi ngumu iliyolowa, au ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Au, msomaji, ya gunia lililolowa maji chini ya kitanda.

Naam. Chupa ile ya mwaka 1994 ilikuwa mbovu. Ningesema tu, kwa sauti ya kawaida, "Tafadhali inuse, naona kama ina kasoro," mhudumu angeinusa, na katika mkahawa unaojiheshimu angeniletea nyingine bila kunitoza. Utaratibu wote ule, wa gilasi na kidogo na kusimama kando, ulikuwepo kwa ajili ya kunilinda mimi. Nami kwa kuogopa kuonekana mshamba nililipia ubovu, tena kwa pesa za mabati ya mtu mwingine.

Basi usizungushe gilasi kama unavyoona kwenye sinema ikiwa hujui. Inuse, onja kidogo, na kama hakuna harufu mbaya sema, "Ni sawa, asante." Imekwisha.

Tena jambo hili si geni kama linavyoonekana. Katika jamii zetu nyingi, mwenye pombe, iwe ni muratina au nyingine ya kienyeji, huonja wa kwanza mbele ya wageni, ili wajue kwamba kinywaji ni salama na kimeiva. Mwenyeji wa Paris anayeonjeshwa kabla ya wageni wake naye hutangulia ili wageni wasinywe kibaya. Babu zetu wangelielewa jambo hilo bila kuelezwa.

Yapo mengine mawili. Katika mikahawa ya jadi ya Ulaya kulikuwa na desturi kwamba mwenyeji peke yake hupewa orodha yenye bei, na wageni hupewa isiyo na bei. Desturi hiyo ingali ipo katika baadhi ya nyumba za namna hiyo. Ukijikuta na orodha isiyo na bei, usidhani vyakula ni vya bure. Mwulize mwenyeji wako, "Wewe ungenipendekezea nini?" Jibu lake litakuonyesha mpaka wa mfuko wake, nawe usiuvuke. Tamaa ya mgeni ni aibu ya mwenyeji.

La pili ni kwako usiyekunywa, iwe kwa dini, kwa afya au kwa kutopenda tu. Sikushawishi uonje hata kidogo. Geuza gilasi au mwambie mhudumu mapema, "Mimi nitakunywa maji." Huna haja ya kutoa sababu. Huko Ufaransa kwenyewe, sheria inampa mteja anayekula haki ya kuletewa jagi la maji ya mfereji bila malipo, hata katika nyumba yenye chupa 300,000 ghalani. Vile vile bei zao, kwa mujibu wa sheria, huwa zimeshajumlisha malipo ya utumishi, kwa hivyo bakshishi ni hiari. Hapa kwetu soma chini ya menyu uone kilichojumlishwa na kisichojumlishwa. Ukiona maandishi madogo, hayo ndiyo ya kusoma kwanza.

Wazazi, nanyi nina neno kwenu. Tunawafundisha watoto wetu kwamba kuuliza bei ni dalili ya umaskini. Mtoto akiuliza dukani, "Hii ni pesa ngapi?" tunamfinya chini kwa chini. Akikua anakuwa kama mimi wa mwaka 1994, mtu mzima mwenye mshahara anayeogopa kutazama safu ya kulia ya karatasi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Waongeze na hili: kutouliza kuna gharama, na mara nyingi anayelipa si wewe uliyenyamaza.

Nayo jamaa ikitaka kumshukuru mtu, ianze kwa kumwuliza anapenda nini. La Tour d'Argent ni mahali pa fahari, na mlo wa jioni huko hugharimu mamia ya euro hata kabla divai haijamiminwa. Wapo wanaoweka akiba miaka mingi ili waketi dirishani pale siku moja, na sioni ubaya wowote. Mtu akifurahia bata wake mwenye nambari na chupa aliyoichagua kwa kujua, amepata haki yake. Ubaya ni kuketi mahali ambapo hakuna mmoja kati yenu aliyetaka kuwapo, mkila kwa ajili ya macho ya mhudumu.

Kijana wangu nilimwambia hayo yote. Akaniuliza kama mfadhili wake hatamdharau akisema hajui. Nikamwambia kwamba mtu aliyemlipia karo kwa miaka minne hakulipa ili asikie kijana akijifanya anajua. Alilipa ili kijana ajifunze. Akisema, "Mzee, hili sijalifanya kamwe, naomba unionyeshe," atakuwa amempa mfadhili wake raha ambayo hakuna chupa inayoweza kuileta.

Nilimlipa mjomba pesa zake kidogo kidogo, na mabati yalipatikana. Mwaka 1996 alikuja tena mjini. Safari hiyo nilimwuliza mapema anataka nini, akasema chai na mandazi. Tukaenda kwenye kibanda kimoja ambako bei zilikuwa zimeandikwa kwa chaki ubaoni, kubwa kiasi cha kusomeka kutoka upande wa pili wa barabara. Hata hivyo, kabla hatujaketi, mjomba alimgeukia mwenye kibanda akauliza kwa sauti kuu, watu wote wasikie, "Mama, chai hapa ni pesa ngapi?"

Kisha akanitazama, tukacheka hadi machozi yakatutoka.